Miaka 60 na Pombe Isiyowekwa Akiba

Ndugu msomaji, hebu jiulize swali moja ambalo huenda hujapata kujiuliza: umeijuaje siku uliyozaliwa? Kwamba ulikuwapo siku hiyo, hilo halina ubishi. Lakini hukumbuki hata chembe ya yaliyotendeka. Umeambiwa. Mama alikuambia, au baba, au bibi aliyekupokea. Ama karani fulani aliandika tarehe katika kitabu chake, nawe ukaisoma na kuiamini. Katika mambo yote tunayoyatangaza juu ya nafsi zetu kwa uhakika, hili la kwanza kabisa ndilo ambalo sisi wenyewe hatuwezi kulitolea ushahidi.

Wazee wetu wengi hawakumpata hata huyo karani. Huyu alizaliwa mwaka wa nzige, yule mwaka wa njaa, mwingine mvua zilipobomoa daraja. Ukimwuliza mzee wa namna hiyo ana miaka mingapi, atakutajia jina la mwenziwe waliyezaliwa mwezi mmoja, kisha atakuachia wewe hesabu. Kwetu Kilimanjaro wamisionari wa Kikatoliki na wa Kilutheri walifika mwishoni mwa karne ya 19, na vitabu vyao vya ubatizo vikawa ndivyo kumbukumbu ya watu wengi. Hata hivyo kitabu huandika kile alichosimuliwa mwandishi. Tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo, ni ushahidi wa watu wengine juu yako, na mtu anayeisherehekea anasherehekea ushahidi huo, ajue au asijue.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi Desemba 2024 ilikuwa zamu yangu kutimiza miaka 60. Nilizaliwa mwaka 1964, mwaka wa Muungano. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwezi Februari 1967 nilikuwa mtoto wa miaka miwili, na vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978 nilikuwa bado sijatimiza miaka 14. Sisi wa rika hilo tulipokuwa vijana wa miaka 20 hatukujua keki ya kuzaliwa ni kitu gani. Miaka ile sukari ilipangiwa foleni, na aliyeipata hakuwaza kuipamba juu ya mkate. Leo mambo yamebadilika. Wajukuu zetu hukatiwa keki, huimbiwa, na wenzao huwamwagia ndoo ya maji kichwani kuwa ndiyo pongezi. Siwalaumu. Furaha ya mtoto haina mtindo mmoja.

Lakini miaka 60 nchini mwetu ina uzito wake wa pekee. Mtumishi wa umma, isipokuwa wa kada chache, anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na akifika 60 hustaafu kwa lazima. Basi siku hiyo haifanani na ile ya kutimiza 59. Unakabidhi funguo, unakabidhi mafaili, unashikwa mkono na watu waliokuwa wakikuita kwa cheo, kisha unatoka nje. Kinachobaki ni wewe na watu wanaokuita kwa jina. Hapo ndipo mtu hutambua kama anao au hana.

Ukumbi au kihamba?

Wanangu walikuwa wamekwisha kupanga. Walitaka ukumbi mjini Moshi, mshereheshaji mwenye kipaza sauti, muziki, na kamati ya kukusanya michango. Kadi zilikuwa karibu kupelekwa kwa mpigaji chapa. Niliwashukuru kwa mapenzi yao, kisha nikawaomba jambo jingine: sherehe ifanyike nyumbani, kihambani, chini ya migomba, chakula kiwe cha kwetu, na kinywaji kiwe mbege.

Binti yangu mkubwa alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyeanza kuzeeka siku hiyo hiyo. “Baba,” alisema, “wageni wako wengine wametoka Dar es Salaam. Utawapa pombe ya kienyeji?”

Swali lake lilikuwa la haki, nami nataka kulijibu hapa kwa utulivu, maana najua nyumba nyingi zina mjadala kama huo. Kwa muda mrefu tumelitumia neno “kienyeji” kana kwamba maana yake ni kitu duni. Bia ya chupa ikawa alama ya mtu aliyeendelea, na ulanzi wa Iringa, rubisi ya Kagera, wanzuki ya asali, tembo la mnazi la pwani na mbege ya Kilimanjaro vikaachiwa watu wa vilabuni. Cha ajabu ni kwamba katika nchi za Ulaya na Marekani siku hizi watu huisifu na kuilipia ghali bia iliyopikwa kidogo kidogo na fundi anayejulikana kwa jina, kwa nafaka ya mahali pale. Mama zetu wamekuwa mafundi wa namna hiyo tangu zamani, ila hatukuwapa sifa hiyo.

Jinsi mbege inavyopatikana

Kwa msomaji ambaye hajapata kuiona ikipikwa, nitaeleza kwa kifupi, ingawa kazi yenyewe haina ufupi. Mikungu ya ndizi hukatwa na kuvundikwa hadi iive sawasawa. Ndizi hizo huchemshwa kwa kuni kwa saa nyingi, mpaka rangi yake igeuke na kuwa nyekundu ya kahawia. Kisha hufunikwa chomboni na kuachwa siku kadhaa zichachuke, halafu huchanganywa na maji, hukamuliwa na kuchujwa.

Wakati huo huo ulezi nao una safari yake. Huroweshwa, hutandazwa na kufunikwa hadi uote, hukaushwa juani, ndipo husagwa. Kule kuota si mapambo. Mbegu inapochipua hujitengenezea vimeng'enya vinavyougeuza wanga wake kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo chakula cha hamira itakayoifanya pombe iwe pombe. Bibi zetu hawakuyasoma hayo katika kitabu cha kemia, lakini hawakukosea hata hatua moja. Unga huo hupikwa uji uitwao mso, nao ukipoa huchanganywa na maji ya ndizi. Hutiwa pia gome la mti wa msesewe lililokaushwa na kusagwa, ambalo huleta ule uchungu unaouzuia utamu usikinaishe. Msesewe hupimwa kwa mkono wa aliyezoea. Ukipungua, kinywaji hupooza. Ukizidi, wageni hukunja nyuso na jina la mpishi huenda na upepo.

Mchanganyiko hufanywa leo, na kesho yake povu limepanda, mbege iko tayari. Kesho kutwa imeanza kuwa kali na chachu. Siku chache zaidi, haifai.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo lilipo jambo nililotaka kulisema. Bia ya chupa unaweza kuinunua, ukaifungia kabatini, ukainywa peke yako mwezi ujao. Mbege haiwekwi akiba. Aliyepika pipa zima hana budi kuwaita watu, na kuwaita leo. Huwezi kumnunia jirani huku pipa lako linachemka povu. Zaidi ya hayo, mtu mmoja hawezi kuipika: ndizi zitatoka huku, ulezi utatoka kule, kuni zitabebwa na fulani, na usiku wa kuchochea moto utahitaji watu wa kupiga soga ili wasisinzie.

Nami nisiwasahau waliofanya kazi yenyewe. Kwa kawaida mbege hupikwa na wanawake, nao wanaume huisifu wakiwa wamekaa. Safari hii niliwaambia wanangu wa kiume kwamba atakayekunywa ni sharti awe amepasua kuni au ameteka maji. Mke wangu na wifi zake wawili ndio waliokuwa wakuu wa kazi, nasi tukawa vibarua. Sherehe inayomchosha mama wa nyumba hata asiweze kuketi na wageni si sherehe yake, na nyumba ni yake pia.

Wageni watano

Niliwaalika watu wengi, lakini waliokuwa moyoni mwangu ni watano, ambao tulianza nao darasa la kwanza mwaka 1972. Tulikuwa tisa katika kundi letu; watatu wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Kati ya hao watano waliobaki, mmoja ni seremala, mmoja alikuwa dereva wa malori, na mmoja ni mchungaji. Wawili waliosalia ni wakulima, majirani zangu, ambao vihamba vyao vimepakana.

Hao wawili walikuwa hawasemezani kwa miaka saba. Sababu ilikuwa mpaka. Kwetu mpaka wa kihamba huoneshwa kwa masale, mimea yenye majani marefu ya kijani, ambayo ikishika mizizi hudumu kuliko aliyeipanda. Mmoja alidai kwamba masale yalihamishwa usiku. Mwingine akasema yako pale pale alipoyapanda babu yake. Kipande chenyewe hakizidi upana wa hatua mbili, lakini ardhi ya mlimani imekuwa finyu, kila kizazi kikigawana kile kilichogawanywa na kizazi kilichotangulia, hata hatua mbili zimekuwa mali ya kufikishana barazani. Watoto wao walikatazwa kuchezeana. Msibani walikaa pande mbili. Nilipokuwa nikija likizo kila Desemba, ilinibidi kuwatembelea kwa zamu, kama mtu mwenye wake wawili.

Watu walinishauri nimwalike mmoja. Nilikataa. Ndizi za mbege nilizipata kwa yule wa kwanza, kwa kuwa migomba yake ilikuwa imezaa vizuri mwaka ule. Ulezi niliupata kwa yule wa pili, ambaye ana shamba kule chini tambarare. Hakuna aliyeambiwa habari za mwenzake.

Siku ilipofika, chakula kilikuwa cha kumtoa nyoka pangoni. Kulikuwa na kiburu cha ndizi na maharagwe, na kisusio, ile supu ya mbuzi iliyotiwa damu, ambayo mgeni wa Dar es Salaam huikataa kwanza na kuomba nyongeza baadaye. Kulikuwa na ndafu, mbuzi mzima aliyebanikwa tangu alfajiri, akaletwa mezani akiwa amesimama na majani kinywani. Wenyewe tunamwita keki ya Wachagga, nami nilikata keki hiyo kwa kisu cha mfupa, si kwa kijiko. Na kulikuwa na mtori, mchuzi mzito wa ndizi na nyama uliopondwa ukalainika, ambao mama yangu aliagiza upikwe ingawa haukuwa katika orodha yetu.

Rafiki yangu dereva hakunywa pombe. Ana kisukari, na daktari alikwisha kumwonya. Aliletewa maziwa, na mtu alipotaka kumtania nilimkatiza. Meza ambayo mgeni hana budi kujitetea kwa kutokunywa kwake haina ukarimu.

Ushahidi wa mama

Kwa desturi, kata ya kwanza huonjwa na mwenyeji ili wageni wajue kwamba hakuna ubaya ndani yake, kisha hupewa mkubwa. Mkubwa wetu alikuwa mama yangu, ambaye kwa hesabu zetu amepita miaka 80. Siku hizi kumbukumbu yake ni kama redio ya zamani: mara inakamata, mara inapotea. Majina ya wajukuu humchanganya, na asubuhi ya siku ile alikuwa ameniita kwa jina la marehemu baba yangu. Alipiga funda moja, akafuta mdomo, akauliza watu wamekusanyika kwa sababu gani. Nikamwambia kwamba leo ndiyo siku niliyozaliwa.

“Siyo,” alisema.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. “Mwaka ni huo, mwezi ni huo, lakini siku siyo. Siku hiyo iliyoandikwa ndiyo baba yako aliyokwenda kukuandikisha kanisani. Wewe ulizaliwa siku ya soko, mvua ikinyesha, na baba yako hakuwapo.”

Kisha, kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia kwa muda mrefu, akatusimulia. Uchungu ulimshika peke yake nyumbani, wanawake wote wakiwa sokoni. Wa kwanza kurudi alikuwa jirani wa upande wa juu, naye alitupa mzigo wake wa mboga njiani akaja mbio kumpokea. Wa pili alikuwa jirani wa upande wa chini, ambaye alikwenda kwake, akapika mtori, akauleta ukiwa moto katika chungu, kwa kuwa mtori ndicho chakula cha mzazi. Kwa siku nyingi wanawake wale wawili walipokezana, huyu akija asubuhi na yule jioni. “Nao hawakuzunguka njia kuu,” alisema mama. “Walipita hapo hapo penye masale, wakiwa na vyungu kichwani, hata pakawa na kijia. Ninyi watoto mkakitumia kijia kile kwenda shule.”

Ndugu msomaji, nadhani umekwisha kufahamu. Wanawake wale wawili, ambao wote ni marehemu, walikuwa mama zao wale rafiki zangu wasiosemezana. Kijia kile ndicho kipande cha hatua mbili.

Hakuna aliyesema neno. Mchungaji wetu, ambaye kazi yake ni maneno, alikaa kimya akitazama bakuli lake. Mama akaomba mtori zaidi, na dakika chache baadaye akauliza tena watu wamekusanyika kwa sababu gani. Mke wangu akamjibu kwa upole kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuulizwa.

Sitakudanganya kwamba wale wawili walikumbatiana mbele ya wageni. Maisha si mchezo wa kuigiza. Waliendelea kula, kila mmoja mahali pake. Lakini jioni, wageni wa mjini walipokwisha kuondoka, nilimwona yule wa ulezi akichota mbege iliyobaki pipani, akampelekea mwenzake bila kumtazama usoni, naye akapokea. Siku tatu baadaye mmoja alionekana akipita njia kuu mchana kweupe, ameshika jani la sale mkononi, akielekea nyumbani kwa mwingine. Sitamtaja ni yupi. Kwa Wachagga jani hilo hilo lioneshalo mpaka ndilo lililetwalo na mtu anayeomba suluhu, na anayeletewa haonekani mwungwana akilikataa. Shauri lao limeondolewa barazani, na mpaka ulipimwa upya mbele ya wazee wa ukoo. Kijia kimeachwa wazi kwa ajili ya watoto.

Neno kwa wenye nyumba

Sitaki mtu ayasome haya akadhani kwamba naisifu pombe kuwa ndiyo mpatanishi. Wahenga walisema pombe si chai. Nimeona vihamba vikiuzwa kwa ajili yake, na watoto wakikosa ada kwa sababu baba alikuwa mkarimu klabuni na bahili nyumbani. Kinywaji kile kile kinachowaleta watu pamoja kwa siku moja huwatawanya kikigeuzwa kuwa desturi ya kila siku. Mbege yenyewe hutufundisha kiasi, kwa kuwa ina siku yake: hupikwa kwa sababu maalumu, hunywewa na watu waliohesabiwa, nayo hukoma.

Wala sisemi kwamba ukumbi wa mjini ni dhambi. Asiye na kihamba atafanya sherehe alipo, na ubwabwa wa Tanga au samaki wa Mwanza vitashibisha urafiki vilevile. Ninachosema ni kwamba mtu anapotimiza umri mkubwa asihesabu miaka tu, ahesabu pia mashahidi. Je, yupo bado aliyekuona siku ya kwanza? Kama yupo, mwendee kabla redio haijanyamaza kabisa. Mwulize mvua ilinyesha au jua liliwaka, nani alikimbia, nani alipika, nani alipita njia gani. Andika majibu yake katika daftari, uwasomee wanao, kwa maana cheti cha kuzaliwa kina tarehe lakini hakina vyungu vile viwili.

Na kama kuna watu wawili unaowapenda ambao hawapendani, usimchague mmoja wao siku ya furaha yako. Waite wote, uwaandalie kitu kisichoweza kungoja kesho.